Safari ya Mkalama nayo yataka maandalizi

Hivi karibuni alitutembelea ndugu mmoja, mtumishi wa umma na mwenyeji wa Kiomboi, ambaye alikuwa akijiandaa kwenda mji wa Kazan, nchini Urusi, kwa mafunzo ya majuma sita. Mkononi alikuwa na daftari lenye jalada jekundu, la aina ile wanayotumia wanafunzi, na alitufungulia bila ya kuombwa. Lilikuwa limejaa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na salamu za lugha mbili, Kirusi upande wa kushoto na Kitatari upande wa kulia. Ukurasa wa pili ulieleza siku gani watu wa huko huenda msikitini na siku gani huenda kanisani, na kwamba mgeni anayeingia msikitini huvua viatu na mwanamke hujitanda kichwa. Kurasa zilizofuata zilikuwa na majina ya vyakula, majira ya baridi, nauli za mabasi, na historia ya mji tangu kuanguka kwake mikononi mwa Tsar Ivan wa Nne mwaka 1552. Alitucheka tulipostaajabu kusikia kwamba Mtatari anaposhukuru husema "rähmät", neno lililo ndugu wa rehema yetu, na kwamba kitabu kwake ni "kitap".

Bidii ya namna hiyo yastahili sifa, na tunamsifu. Kazan ni mji wa kuandaliwa. Ni mji wa zaidi ya watu milioni 1 kando ya mto Volga, makao makuu ya Jamhuri ya Tatarstan, ambamo Warusi, wengi wao Wakristo wa Kiorthodoksi, na Watatari, wengi wao Waislamu, wanakaribiana kwa idadi. Ndani ya ngome yake kongwe kuna Kanisa Kuu la Kupashwa Habari, na hatua chache kutoka hapo kuna msikiti wa Kul Sharif, uliofunguliwa mwaka 2005 wakati mji ulipoadhimisha miaka 1,000. Chuo Kikuu chake kilianzishwa mwaka 1804. Hapo ndipo Lenin alipoandikishwa kusomea sheria mwaka 1887, na hapo ndipo alipofukuzwa kabla ya mwaka huo kwisha, kwa kushiriki maandamano ya wanafunzi. Mwezi Oktoba mwaka 2024 wakuu wa nchi za BRICS walikutana huko. Anayekwenda mahali kama hapo bila ya kujua lolote atarudi na picha tu.

Tukamwuliza ndugu yetu swali moja. Yeye amefanya kazi katika Mkoa wa Singida kwa miaka tisa. Je, amekwisha kufika Munguli, kijiji cha Wilaya ya Mkalama wanakoishi Wahadzabe? Akajibu kwamba amefika, mara moja, akiwa katika msafara wa magari. Walikaa muda usiozidi saa mbili. Wenyeji walipangwa mstari, vijana wakaombwa watupe mishale kwenye shina la mti, wageni wakapiga picha, hotuba ikasomwa, kisha wageni wakala pilau iliyopikwa mjini na kubebwa ndani ya masufuria, wakaondoka kabla ya jua kushuka. Tukamwuliza aliandika nini katika daftari lake. "Siku ile," akasema, "sikubeba daftari."

Hatukumtaja jina ndugu huyu, wala hatutaji msafara ule ulikuwa wa nani, kwa sababu aibu hiyo si yake peke yake. Ni yetu sote tuliosoma na kuajiriwa. Tunajua kujiandaa kwenda mbali. Tukiambiwa tunakwenda karibu, tunaona kwamba kuwa na gari na mafuta kunatosha. Hili ndilo tunalotaka kulizungumza leo na walimu na watumishi wa umma, hasa walio katika Mkoa wa Singida na mikoa jirani, wakati ambapo shule na ofisi nyingi zinapanga ziara za mafunzo za likizo ya Juni.

Kwanza, tuangalie ni mahali gani tunapopazungumza. Wilaya ya Mkalama ilizaliwa mwaka 2012 kwa kuigawa Wilaya ya Iramba, na makao yake makuu yapo Nduguti. Kwa upande wa kaskazini inateremka kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, na mto Sibiti unaotoka Ziwa Kitangiri unapita kwenye mipaka yake. Ndani ya eneo hilo wanaishi Wanyiramba na Wanyisanzu, ambao lugha zao ni za Kibantu kama Kiswahili. Wanaishi Wadatoga, ambao wengine huwaita Wataturu au Wabarbaig, na lugha yao ni ya jamii moja na Kimaasai na Kikalenjin. Wapo Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu, na lugha yao ni binamu wa Kisomali na Kioromo. Tena wapo Wahadzabe, ambao lugha yao, yenye sauti za kudokoa ulimi, wataalamu wameihangaikia kwa miaka mingi bila ya kuipatia ndugu yeyote wa hakika duniani.

Huko Kazan jamii za lugha zinazokutana ni mbili: Kirusi ni ndugu wa Kipolandi na Kicheki, na Kitatari ni ndugu wa Kituruki. Kwa mbili hizo watu hupanda ndege kwenda kuona. Huko Mkalama, na ng'ambo kidogo ya mpaka katika mji wa Haydom, Wilaya ya Mbulu, zinakutana nne, sokoni, kisimani, na katika foleni ya hospitali ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Mwuguzi wa hospitali ile aweza kusikia kabla ya saa nne asubuhi lugha ambazo profesa wa Ulaya angelazimika kuomba fedha za utafiti ili kuzisikia. Ni mahali pachache mno katika Afrika nzima panapokuwa hivyo. Je, ni walimu wangapi wa Jiografia na Uraia katika mkoa wetu waliopata kuwaambia wanafunzi wao jambo hili? Tunauliza kwa sababu mwandishi wa tahariri hii alilisikia mara ya kwanza Chuo Kikuu, akiwa amekwisha kumaliza miaka kumi na mitatu ya shule.

Wageni wa zamani hawakuidharau njia hiyo. Mwaka 1911 Erich Obst, Mjerumani mtaalamu wa jiografia, alitoka Mkalama, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao, akaingia katika nchi ya Wahadzabe, na mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya safari yake. Hata jina la andiko lile lilitaja Mkalama kuwa ndipo safari ilipoanzia. Tusimsifu kupita kiasi. Alikuja chini ya bendera ya mkoloni na aliyaona mengi kwa macho ya mkoloni. Lakini alikuja na daftari. Na katika kichwa cha andiko lake mna kosa ambalo hadi leo linarudiwa na watu wenye shahada: aliwaita Wakindiga, jina walilopewa na majirani. Wengine husema Watindiga. Wenyewe hawalipendi. Mtu mmoja ni Hadza, wengi ni Hadzabe, na lugha yao ni Kihadza, au Hadzane kwa kauli yao. Sisi Waswahili tumeongeza kiambishi chetu tukasema Wahadzabe, yaani tumewafanya wengi mara mbili, lakini hilo ni kosa la upendo na wao wamekwisha lizoea. Jina la kupachikwa na jirani ni jambo jingine. Maandalizi ya safari yaanze na kulijua jina la mwenyeji.

Sasa tuingie darasani, maana huko ndiko jambo hili linakotoka kuwa utalii na kuwa kazi. Mwalimu kijana aliyehitimu chuo, mzaliwa wa Rombo au Rungwe au Newala, hupangiwa shule katika kata za kaskazini ya Mkalama. Anafika na begi, godoro na cheti. Hakuna aliyemwambia kwamba katika darasa lake la kwanza watakaa pamoja watoto ambao nyumbani huzungumza lugha nne zisizosikilizana hata kidogo, na kwamba Kiswahili chake anachokiona chepesi ni karibu na lugha ya nyumbani kwa mtoto wa Kinyisanzu, ambaye huyakuta ndani yake maneno mengi anayoyajua, lakini kwa mtoto wa Kidatoga au wa Kihadzabe ni lugha ngeni kabisa, kama Kirusi kilivyo kwako wewe msomaji. Mwalimu anauliza swali, mtoto ananyamaza. Mwalimu anaandika kwamba mtoto ni mzito. Baada ya majuma machache mtoto haonekani, na mwalimu anaandika kwamba ni mtoro. Kumbe mtoto hakuwa mzito, na huenda hata mtoro hakuwa. Huenda ni msimu wa asali, na familia yake imehamia kambi nyingine, naye amekwenda nayo kama mtoto yeyote anavyokwenda na wazazi wake.

Hatusemi kwamba mtoto wa Kihadzabe asisome. Tunasema kinyume cha hayo. Mtoto huyo ni raia, na kalamu ni haki yake kama ilivyo haki ya mtoto wa Upanga. Lakini mwalimu anayejua mlio wa ndege mlembe, anayejua kwamba ndege huyo humwongoza mtu hadi kwenye mzinga na kwamba mtoto wa miaka minane wa Munguli aweza kuzungumza naye kwa mluzi, ana mahali pa kuanzia somo lake la Sayansi. Mwalimu asiyejua hana isipokuwa fimbo.

Historia yatupa sababu ya kwenda kwa unyenyekevu. Waingereza walijaribu kuwakusanya Wahadzabe katika makazi ya kudumu mwishoni mwa miaka ya 1930, wakashindwa. Serikali yetu wenyewe ilijaribu katikati ya miaka ya 1960 huko Yaeda, upande wa Mbulu, na ikajaribu tena baadaye. Nia ilikuwa njema. Tusiwaseme vibaya waliotangulia. Walitaka watu wale wapate shule, zahanati na shamba kama Watanzania wengine. Lakini kila mara hadithi ilikuwa ile ile. Watu wasiozoea kukaa wengi mahali pamoja walipata maradhi, chakula cha mgao kilikwisha, wengi wakarudi porini. Ukisoma habari hizo utaona jambo moja: waliopanga walijua mengi kuhusu vijiji na machache kuhusu Wahadzabe. Tukumbuke pia kwamba jambo liliwezekana pale walipoulizwa. Mwaka 2011, upande huo huo wa Mbulu, jamii ya Wahadzabe ilipewa hati za kimila za kumiliki ardhi yao kwa pamoja, kwa sheria zetu za ardhi za kijiji. Hati hizo zilitolewa kwa watu ambao hawalimi na hawafugi, jambo ambalo zamani ofisa yeyote wa ardhi angelicheka.

Na watu hao ni wachache. Makadirio ya wataalamu huwaweka katika elfu moja na mia kadhaa, kote kuzunguka Ziwa Eyasi. Mkoa wa Singida peke yake, kwa sensa ya mwaka 2022, una zaidi ya watu milioni 2. Mgeni anayekwenda na mafua yake, chupa zake za pombe kali na kamera yake hana budi kuukumbuka uwiano huo.

Basi safari yenyewe ipangweje? Tutasema tunayoyajua, na walioko huko watatusahihisha.

Majira ya kwenda ni kiangazi. Masika barabara za tope za kaskazini hazina huruma, na basi linalokwama huwa mzigo kwa wenyeji ambao hulazimika kulisukuma. Juni ni mwezi mzuri: shule zimefungwa, mtama na uwele vinavunwa, watu wana chakula na wana nafasi ya kuzungumza. Kutoka Singida mjini safari huchukua barabara kuu ya kwenda Mwanza hadi Iguguno, kisha huingia ndani kuelekea Nduguti. Walio mbali zaidi, kama Dar es Salaam, wasije wakasingizia umbali. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huwafikisha Dodoma, na kutoka hapo kuna mabasi yanayopita Manyoni. Mjini Singida walale usiku mmoja. Wakae jioni kando ya Ziwa Singidani au Kindai, wawaone heroe, na wawaulize wazee wa Kinyaturu habari za Liti, mwanamke ambaye simulizi zao husema aliwapiga Wajerumani kwa nyuki na ambaye uwanja wa mpira wa mji umepewa jina lake. Ugali wa uwele na mlenda upo. Asiyeupenda alale njaa kimya kimya.

Barua ya kuomba ruhusa iandikwe mapema, tena iandikwe kwa kijiji. Hapa tunataka tueleweke vizuri. Ni kweli kwamba ofisi ya Mkuu wa Wilaya na ya Mkurugenzi zataka taarifa, na zipewe. Ofisa Utamaduni wa Wilaya aombwe ushauri, maana kazi hiyo ndiyo aliyoajiriwa kuifanya na mara nyingi hakuna anayemkumbuka. Lakini mwenye nyumba ni kijiji. Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji waulizwe swali ambalo katika misafara huwa haliulizwi: je, siku hiyo inawafaa? Na jibu la kwamba haiwafai likubaliwe. Kama kuna mchango wa kutoa, ulipwe ofisini kwa stakabadhi, usigawiwe mkononi kwa mtu mmoja mmoja kando ya gari, maana noti ya namna hiyo imevuruga watu wengi kuliko ilivyowasaidia. Pombe isiingie ndani ya basi kabisa. Wako wageni wanaoiona pombe kuwa zawadi nyepesi na ya kuchekesha. Wenyeji wanaobaki na matokeo yake hawacheki.

Ni lazima watu walale. Ziara ya saa mbili haiwezi kuitwa ziara. Atakayelala usiku mmoja karibu na kijiji ataona mambo ambayo hayawezi kuombwa. Na kuna yale ambayo hayafai kuombwa. Wahadzabe wana ngoma yao iitwayo epeme, ambayo huchezwa usiku wa giza usio na mwezi. Wanawake huimba na wanaume hucheza mmoja mmoja gizani. Ni ibada yao, na mgeni asiombe achezewe mchana ili apate picha, kama vile ambavyo asingemwomba shehe au padri wa Kazan airudie swala au misa kwa ajili ya kamera yake. Mishale nayo ni chombo cha kazi. Fundi seremala akitembelewa haambiwi atupe patasi.

Kosa jingine, na hili tunaliona hata kwa watu wenye nia njema, ni kwenda Mkalama kwa ajili ya Wahadzabe peke yao, na kuwapita Wanyisanzu, Wanyiramba na Wadatoga kama miti ya kando ya njia. Huko ni kuukata mji wa Kazan nusu na kuitazama nusu moja. Wahadzabe hawajaishi peke yao. Wameoana na Wanyisanzu kwa vizazi vingi, na wengi wao wanazungumza Kinyisanzu. Vichwa vya mishale yao ya chuma wamevipata kwa kubadilishana na wahunzi wa Kidatoga, ambao hutwaa msumari wa kawaida wakautwanga hadi uwe kitu cha kumwangusha mnyama. Malipo yalikuwa asali na nyama. Wadatoga nao wana yao ya kufundisha. Mzee wao mwenye heshima anapofariki hujengewa kilima cha kaburi, na kazi hiyo huwakusanya watu wa mbali kwa muda mrefu. Mwalimu anayewatazama vijana wa Kidatoga kama wachunga ng'ombe wasiotaka shule, na hajui kwamba shughuli moja ya mazishi yao ina mpangilio kuliko mikutano mingi ya ofisi zetu, hajawaona bado.

Wageni wafike Kirumi pia. Hapo ndipo palipokuwa makao ya watemi wa Wanyisanzu, wa ukoo wa Anyampanda. Matambiko yao ya mvua yalitaka mtemi wa kiume na mwenzake wa kike, kaka na dada au watu wa nasaba hiyo moja, na mmoja bila ya mwenzake hakuweza kuinyesha mvua. Mvua ikichelewa mno, wanawake wenyewe walitoka na ngoma zao. Nasaba kwao hufuatwa kwa mama, wakati ambapo kwa majirani zao wa kusini, Wanyaturu, hufuatwa kwa baba. Semina ngapi zimefanyika mkoani kuhusu nafasi ya mwanamke katika uongozi, zikitolewa mifano ya nchi za mbali, bila ya yeyote kuitaja Kirumi? Hatudai kwamba mila ile ilikuwa haina mapungufu. Tunachosema ni kwamba mtoa mada angeweza kupanda basi la asubuhi.

Wapo watakaotupinga, na hoja yao tunaiheshimu. Watasema kwamba taifa hili lilijengwa kwa kuusahau ukabila. Kwamba Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967 ili mtoto wa Mkalama na mtoto wa Mkuranga wakae dawati moja. Kwamba leo tukianza kuwapeleka wanafunzi kutazama nani ni Mdatoga na nani ni Mnyiramba, tutakuwa tunalifukua lililozikwa. Sisi, katika gazeti hili kuliko lingine lolote, hatuwezi kuidharau hoja hiyo. Umoja wetu una thamani, na tumewaona majirani waliouchezea.

Lakini kilichozikwa ni ukabila, na tulikuwa na haki ya kuuzika. Jirani hakuzikwa. Ukabila ni kumpa mtu kazi, ardhi au alama za mtihani kwa sababu ya kabila lake, au kumnyima. Kujua jinsi mwenzako anavyoitwa, anavyosalimu na anavyozika si ukabila. Tena, dharau haikungoja ruhusa yetu. Mtoto anayeitwa "mtu wa porini" na wenzake katika uwanja wa shule hakufundishwa neno hilo katika ziara ya mafunzo. Alifundishwa na ukimya wetu. Hata huko Kazan jambo halijakaa sawasawa, na tusije tukadhani kwamba kanisa na msikiti kukaa ubavu kwa ubavu kumemaliza kila kitu. Katika jamhuri ile Kirusi na Kitatari zote ni lugha rasmi, lakini mwaka 2018 sheria ya shirikisho iliyafanya masomo ya lugha za jamhuri kuwa ya hiari, na wapo Watatari wanaoona uchungu hadi leo. Sisi tulipita njia nyingine, ya lugha moja ya wote, na hatuna majuto. Njia hiyo inatutaka tulipe deni moja tu: kwa kuwa mtoto wa Munguli amekubali kujifunza lugha ya wote, basi sisi wengine tujifunze angalau salamu yake. Husema "mtana". Haina hata mdokoo wa ulimi wa kumshinda mwalimu mvivu.

Hatuwezi kumaliza bila ya kuligusa suala la fedha, kwa maana ndilo jibu la haraka la kila mwalimu mkuu. Shule hazina fedha, tunajua. Lakini tumeona shule za mkoa huu zikichangisha wazazi ili wanafunzi wapelekwe Dar es Salaam kutazama bahari na majengo marefu, na hakuna aliyelalamika kuhusu nauli. Mkalama ni safari ya siku. Wanafunzi wa Kiomboi, wa Ikungi, wa Singida mjini waweza kwenda na kurudi kwa sehemu ndogo ya gharama ile, na wakapokewa na wanafunzi wenzao wa huko. Hilo la mwisho ndilo tunalolipendekeza kwa nguvu zaidi: ziara iwe ya shule kwa shule. Wanafunzi wa Mkalama nao waalikwe mjini mwaka unaofuata, walale katika bweni, wapelekwe kwenye mashine za kukamua alizeti na kwenye maktaba, waulize maswali yao nao wapige picha zao. Mgeni wa upande mmoja tu huishia kuwa mtazamaji.

Kwa Maofisa Elimu wa wilaya zote za mkoa tunatoa ombi. Katika mipango ya mwaka ujao pawekwe siku tatu za kumwandaa mwalimu mpya kabla ya kuripoti katika shule za kaskazini ya Mkalama, na siku hizo zifundishwe na wenyeji: mzee wa Kinyisanzu, mama wa Kidatoga, kijana wa Kihadzabe aliyemaliza shule. Walipwe posho kama wawezeshaji wengine wanavyolipwa. Tunajua kwamba kifungu cha posho kipo.

Ndugu yetu wa Kiomboi alisafiri. Kabla ya kuondoka alirudi ofisini kwetu kuaga, akatuonyesha kwamba kurasa nane za mwisho za daftari lake ameziacha tupu na juu ya ya kwanza ameandika "Mkalama, Juni". Atakaporudi tutamwuliza ameandika nini. Ukurasa huu utakuwa wazi kwa maelezo yake, na kwa maelezo ya walimu wote watakaokwenda. Lakini nafasi ya kwanza tutaiweka kwa barua zitakazotoka kwa wanafunzi wa Mkalama wenyewe, zikieleza wageni hao walikuwa watu wa namna gani.